Shajara ya mradi wa behewa ndani ya friza: umeme wa kupasha joto treni ya abiria, Tanga

Jumamosi, 1 Februari 2025

Mradi umeanza rasmi leo, na umezaliwa na swali la mwanafunzi mmoja wa darasa langu la umeme la jioni hapa Ngamiani. Alisafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, akarudi akiuliza umeme wa viyoyozi vya mabehewa yote yale unatoka wapi, na kama unatoka kwenye kichwa cha treni, kichwa kinabakiwa na nguvu kiasi gani ya kuvuta. Nilimjibu kwamba kichwa huchukua umeme wa volti 25,000 kwenye waya wa juu, kikaupunguza kwa transfoma, na kwamba sehemu yake hupelekwa nyuma kwa kebo inayopita chini ya mabehewa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini alipouliza ni kilowati ngapi, sikuwa na la kusema.

Nimeamua tulitafute jibu kwa kupima. Nimeamua pia tuanze na kupasha joto kabla ya kupoza, ingawa tuko Tanga, tena mwezi wa Februari ambapo upepo wa kaskazi hausaidii kitu na shati hulowa kabla ya saa tatu asubuhi. Sababu ni kwamba kulisha mabehewa umeme kutoka kwenye kichwa kulianzia nchi za baridi, na mpango wake wote, yaani volti zake, unene wa kebo zake na viunganishi vyake, ulichorwa kwa ajili ya joto. Isitoshe, hesabu ya joto ni nyepesi kuliko ya ubaridi, kwa kuwa waya wa hita hugeuza kila wati ya umeme kuwa wati ya joto bila kupoteza chochote njiani. Anayeanza ajifunzie hapo.

Kilichobaki kilikuwa kupata baridi kali Tanga. Baridi hiyo iko ndani ya friza. Mama mmoja jirani yetu anayeuza barafu na maji baridi ana friza mbili kubwa za kulala, na moja huiwasha tu msimu ukipamba moto. Nilikwenda kumwomba baada ya Alasiri. Aliniuliza, "Mwalimu, hilo gari moshi lenu litanirudishia friza yangu kabla ya Ramadhani?" Nikamwahidi kuwa itarudi. Mwezi unatarajiwa kuandama mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo tuna majuma manne.

Jumatano, 5 Februari

Kazi ya useremala imekamilika. Tumefuata vipimo vya behewa refu la Ulaya, ambalo lina urefu wa mita 26.4 na upana wa kama mita 2.8, tukavigawa kwa 25. Kisanduku chetu cha plaiwudi kilichofunikwa kwa ubao mwembamba wa stairofomu kina urefu wa sentimita 106, upana wa sentimita 11 na kidogo, na kimo kinachokaribia sentimita 12. Eneo lake la nje ni mita za mraba 0.51. Kwa kuwa eneo hupungua kwa kipeo cha pili cha kipimo, behewa halisi lina eneo mara 625 ya hilo, na hiyo 625 ndiyo namba tutakayoishi nayo mwezi huu: kila wati moja ndani ya kisanduku itasimama badala ya wati 625 ndani ya behewa, mradi kuta zetu zipitishe joto kwa kiwango kilekile cha kuta za behewa halisi.

Ndani tumepanga matawi kumi ya waya wa nikromu, kila tawi likiwa na ukinzani wa omu 24. Kwa volti 12 kila tawi hula nusu ampea na kutoa wati 6. Nguvu tunaipata kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa, ambayo volti 12 zake zimetulia vizuri. Tawi moja moja linawashwa kwa swichi yake, ili tuhesabu joto kwa kuhesabu swichi.

Jioni alipita mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, ambaye alianza ujanani wakati injini za mvuke bado zikitembea katika njia ya Tanga. Vijana walimwamkia, akakaa, akatazama kisanduku kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, sisi miaka yote tulihangaika kulitoa joto behewani. Kulitafuta, hatujawahi." Kweli, reli hii iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini haikuwahi kuhitaji hita ya abiria, na hadi leo ni reli ya geji ya mita inayotumia vichwa vya dizeli. Lakini mzee aliujua mvuke, na ndiye aliyenipa njia ya kuwaeleza vijana.

Injini ya mvuke ilikuwa na joto la kumwaga, kwa hiyo huko kwenye baridi mabomba yalipitishwa chini ya mabehewa na mvuke wa boila ukapelekwa kwa abiria. Shida ilikuja pale kichwa cha umeme kilipochukua nafasi ya injini ya mvuke, kwa kuwa kichwa hakina boila na mabehewa bado yana mabomba. Kwa hiyo vilijengwa vichwa vya umeme vilivyobeba boila ndani yake. Vichwa vya GG1 vya Pennsylvania Railroad nchini Marekani, 139 kwa jumla, vilivyojengwa kati ya 1934 na 1943, vilichukua umeme wa volti 11,000 kwenye waya wa juu na papo hapo vilichoma mafuta ili kuchemsha maji ya kupasha mabehewa. Kijana mmoja alidhani namtania. Nilimwambia kwamba kubadilisha kichwa kimoja ni rahisi kuliko kubadilisha mabehewa elfu moja, na kwamba atakutana na jambo hilo katika kila kazi ya umeme atakayoifanya.

Jumamosi, 8 Februari

Tumepima kwa mara ya kwanza na tumekosea, ila kosa lenyewe lina thamani.

Friza ilifika nyuzi 18 chini ya sifuri saa nne asubuhi. Tuliwasha matawi matano, yaani wati 30, tukasubiri joto la ndani litulie. Halikufika popote karibu na hesabu yetu. Baada ya saa mbili tulipima volti mlangoni mwa kisanduku badala ya kuipima kwenye pawa saplai, tukakuta 10.9. Waya tuliotumia kuingiza umeme ndani ya friza ulikuwa mwembamba wa spika, na ulikuwa umekula zaidi ya volti moja njiani.

Hapa nilisimamisha kazi nikafundisha. Nguvu ya hita hufuata kipeo cha pili cha volti: volti ikishuka hadi asilimia 91, nguvu haishuki hadi asilimia 91, inashuka hadi karibu asilimia 83. Sasa chukua jambo hilo hadi kwenye njia ya reli. Katika mfumo wa volti 25,000, kanuni za Ulaya zinaruhusu volti ya waya wa juu iteremke hadi 19,000 kwa muda usio na kikomo, kwa mfano treni inapokuwa mbali na kituo cha kupoza umeme na nyingine zinavuta kwenye kipande kilekile. Kichwa cha zamani kinachotoa umeme wa joto moja kwa moja kutoka kwenye mzingo (koili) wa transfoma, bila kifaa cha kurekebisha volti, kitawapa abiria asilimia 58 tu ya joto lililoandikwa kwenye kibati chake. Kwa hiyo fundi anayepanga hita za behewa hapangi kwa volti ya kawaida peke yake. Hujiuliza abiria watapata nini siku njia ikiwa imejaa na usiku ni wa baridi, mambo ambayo kwa kawaida huja pamoja.

Tumenunua waya wa milimita za mraba 2.5.

Jumapili, 9 Februari

Waya mpya umefanya kazi. Ndani nyuzi 20, nje nyuzi 18 chini ya sifuri, tofauti ya nyuzi 38. Volti 12.0, mkondo ampea 2.45, nguvu wati 29.4. Kila uzi mmoja wa tofauti unapoteza wati 0.77, na kila mita ya mraba ya ukuta inapitisha wati 1.5 kwa uzi mmoja. Kiwango hicho ndicho nilichokitafuta, kwa sababu behewa lenye madirisha makubwa na vyuma vinavyounganisha ndani na nje liko katika eneo hilohilo. Tukizidisha kwa 625, kuta za behewa halisi zinapoteza kilowati 18 na kidogo.

Jumamosi, 15 Februari

Juma zima limekwenda kwenye hewa, na hapa ndipo nilipoona sababu ya kufanya mradi huu.

Behewa si chupa ya chai. Watu 80 wanapumua ndani yake, na hewa lazima ibadilishwe. Tumechukua mita za ujazo 20 kwa saa kwa kila abiria, yaani 1,600 kwa behewa zima, ambazo katika kisanduku chetu ni mita za ujazo 2.56 kwa saa. Tuliweka feni ndogo ya kompyuta, tukaikaba kwa kipande cha kadibodi, tukapima kwa mfuko wa nailoni wa lita 20: ukijaa kwa sekunde 28, hewa ni ile tunayoitaka. Vijana walirudia kipimo mara tisa hadi mfuko ukapasuka, wakaleta mwingine, na namba ikabaki ileile.

Kipimo cha kwanza cha nguvu kilitupa wati 43, wakati hesabu ya karatasi ilisema zaidi ya 60. Nilikagua mita na matawi yote bila kuona kasoro. Mwanafunzi yule aliyeuliza swali la kwanza ndiye aliyegundua. Tundu la kuingizia hewa na tundu la kutolea vilikuwa upande mmoja wa kisanduku, sentimita sita kati yake, kwa hiyo hewa ya moto iliyotoka ilikuwa ikivutwa tena ndani kabla haijapoa. Tulihamishia tundu la kutolea upande wa pili, tukasubiri saa moja na nusu, tukalazimika kuwasha matawi yote kumi ili joto la ndani likae kwenye nyuzi 20. Mkondo ampea 5.0, nguvu wati 60. Friza yenyewe ilizidiwa kidogo ikapanda hadi nyuzi 17 chini ya sifuri, na tumeliingiza hilo kwenye hesabu.

Zaidi ya nusu ya umeme wa kupasha joto, kwa hiyo, inakwenda kwenye pumzi za abiria, na kuta zinachukua sehemu iliyobaki. Unaweza kuongeza unene wa kizuia joto hadi behewa likawa kama jokofu, na bado mzigo ule wa hewa utabaki palepale, kwa sababu huwezi kuwaambia watu 80 wapumue kidogo. Ndiyo maana katika baridi kali sana mifumo ya mabehewa hupunguza hewa mpya inayoingizwa na kuirudisha zaidi ile ya ndani.

Abiria nao hurudisha kitu. Mtu aliyekaa hutoa joto la kama wati 100, kwa hiyo watu 80 ni kilowati 8. Katika kisanduku chetu hizo ni wati 12.8, karibu sawa kabisa na matawi mawili ya waya. Tulibandika karatasi kwenye swichi mbili za mwisho, tukaandika "abiria". Behewa likijaa, kichwa kinalipia matawi manane, na likiwa tupu kinalipia yote kumi. Treni tupu ni nzito zaidi kwa joto kuliko treni iliyojaa, na sijui kama niliwahi kulifikiria jambo hilo kabla ya kulishika kwa mkono.

Hesabu ya behewa halisi kwa tofauti ya nyuzi 38: kuta kilowati 18.2, hewa kilowati 20.7, jumla karibu 39. Treni ya mabehewa kumi matupu inahitaji kilowati 390, na ikijaa, kama 310. Kwa kulinganisha na kilicho jirani yetu, mtambo wa maji wa Hale juu ya Mto Pangani una uwezo wa megawati 21, kwa hiyo treni kama 54 za namna hiyo zingeumaliza wote kwa joto peke yake, kabla gurudumu moja halijazunguka.

Jumanne, 18 Februari

Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni tukiwa katikati ya kipimo. Badala ya kufunga tuliwasha tochi za simu tukaandika joto la ndani kila dakika. Feni ilikuwa imesimama pamoja na hita, na friza iliyofungwa ilishika baridi yake. Katika dakika kumi kisanduku kilishuka kutoka nyuzi 20 hadi 15.

Kisanduku ni chepesi. Behewa halisi lina viti, sakafu, mbao za kuta na mizigo. Nikichukulia kwamba tani tano za vitu hivyo zimeshika joto, kila kilo ikibeba kilojuli moja kwa uzi mmoja, behewa lenye feni zilizozimwa lingeshuka kama nyuzi 2 tu kwa dakika kumi zilezile. Hali hii inaifanya hita kuwa mzigo mvumilivu kuliko yote katika treni. Katika njia ya volti 25,000 kuna vipande vifupi vya waya visivyo na umeme, vinavyotenganisha maeneo yanayolishwa na vituo tofauti vya kupoza umeme, na kichwa huvipita kikiwa kimekata mkondo kwa sekunde chache. Taa na vidhibiti lazima vishikiliwe na betri muda huo, lakini hita zinaweza kuzimika bila abiria hata mmoja kujua. Vivyo hivyo, treni nzito ikianza kupanda mlima na kichwa kikihitaji kila kilichopo, hita na feni zikizimwa kwa dakika tatu behewa halipotezi hata uzi mmoja, na kilowati 390 zimepatikana.

Uvumilivu huo una deni lake. Joto lililohifadhiwa katika tani tano lilipaswa kuingizwa kwanza. Kulitoa behewa lililolala nje kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri hadi 20 kunahitaji kilowati-saa 53 kwa vitu vya ndani peke yake. Kwa hita ya kilowati 45, hewa mpya ikiwa imefungwa, kazi hiyo inachukua kama saa moja na nusu, na treni ya mabehewa kumi imeshakula kilowati-saa 675 kabla abiria wa kwanza hajapanda. Kwa sababu hiyo Ujerumani, Uswisi na Austria zimeweka nguzo za umeme kwenye maegesho ya mabehewa, ili yapashwe moto bila kichwa kukaa pale kikiwa kazi yake ni kuwa soketi ya ukutani. Anayepima hitaji la umeme wa treni kwa kutazama wastani wa safari atakosea, kwa maana saa iliyo ngumu ni ile ya kabla ya safari.

Jumamosi, 22 Februari

Leo hatukupima. Tulikaa na ubao kujibu nusu ya pili ya swali, kwamba kichwa kinabakiwa na nini.

Kwanza volti. Kilowati 390 kwa volti 400 za umeme wa fezi moja zingekuwa ampea 975, na kwa volti 1,000 ni 390, na kwa volti 3,000 ni 130. Upotevu ndani ya kebo hufuata kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo volti 3,000 hupoteza sehemu moja ya tisa ya kile kinachopotea kwa volti 1,000 katika kebo ileile. Nchi hazikuchagua kwa hesabu hiyo peke yake, zilichagua pia kwa kile kilichokuwa juu ya reli. Ujerumani, Uswisi, Austria, Uswidi na Norwe, zenye waya wa volti 15,000 na masafa ya hezi 16.7, hupeleka volti 1,000 za masafa yaleyale kwa mabehewa, zikichotwa kwenye mzingo wa pekee wa transfoma. Ufaransa hutumia volti 1,500. Italia, Ubelgiji na Polandi, ambako waya wa juu ni wa mkondo mnyoofu wa volti 3,000, hupeleka hizohizo nyuma moja kwa moja. Kebo ni moja tu, kwa kuwa mkondo unarudi kwa kupitia magurudumu na reli. Urusi ilikwenda njia yake: mabehewa yake mengi yana boila ndogo ya maji inayoweza kuchomwa kwa makaa ya mawe, na ndani ya boila hiyohiyo kuna hita za volti 3,000 za kutumia pale kichwa cha umeme kinapokuwepo. Ukiona umbali wa Siberia na idadi ya nyuzi zake chini ya sifuri, huwezi kuwalaumu. Behewa lisilo na njia ya pili ya joto, likikwama huko, ni hatari kwa maisha.

Pili, mvuto. Hapa kichwa cha umeme na cha dizeli vinaachana kabisa. Kichwa cha dizeli cha Uingereza cha Class 47 kina injini ya nguvu-farasi 2,580, yaani kilowati 1,924, na kile kinachotoa umeme wa joto kimepewa kipimo cha 66. Waingereza huhesabu kipimo hicho kwa hatua za kilowati 5, kwa hiyo ni kilowati 330. Joto likifunguliwa lote, angalau asilimia 17 ya injini imeondoka kwenye magurudumu. Kwenye kichwa cha dizeli cha F40PH cha Marekani, injini ya nguvu-farasi 3,000 ililazimika kuzunguka mizunguko 893 kwa dakika muda wote, hata treni ikiwa imesimama stesheni, ili masafa ya umeme wa abiria yabaki hezi 60.

Kichwa cha umeme hakijabeba chanzo chake. Class 87 ya Uingereza ya miaka ya 1970, yenye nguvu-farasi 5,000, yaani kilowati 3,730 za mota, haipunguziwi chochote magurudumuni ikitoa joto, kwa sababu joto lina mzingo wake kwenye transfoma. Kinachoongezeka ni mkondo wa waya wa juu, na kwa volti 25,000 kilowati 390 ni ampea 16 tu. Anayebeba mzigo ni transfoma, ambayo lazima iwe imejengwa kuubeba pamoja na ule wa mota, na baada yake ni kituo cha kupoza umeme. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba jibu la swali lake ni hili: kichwa hakinyimwi mvuto, ila kina uzito zaidi wa shaba na chuma tangu siku kilipoundwa.

Mmoja aliuliza kuhusu nchi ya joto kama yetu. Nikamtajia India. Treni zao za mabehewa ya kisasa zilikuwa zikibeba magari ya jenereta za dizeli mwisho wa treni kwa ajili ya viyoyozi na taa, hata zikivutwa na kichwa cha umeme. Baadaye vichwa vya WAP-7 vikafungwa vigeuzi viwili vya kVA (kilovolti-ampea) 500 kila kimoja, vinavyotoa umeme wa fezi tatu wa volti 750, na dizeli ikaondolewa kazini.

Jumatano, 26 Februari

Friza imerudi kwa mwenyewe, imesafishwa na kukauka. Mama aliipima kwa mkono, akasema, "Mwalimu, ahsante kwa kutimiza ahadi." Kijana mmoja akambebea ndoo za maji ya kugandisha hadi ndani.

Sasa Tanga yenyewe. Nimelichukua behewa lilelile, nje nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, ndani nyuzi 24 na unyevu asilimia 55. Tofauti ya joto ni nyuzi 8 tu, si 38, na wanafunzi walitarajia mzigo mdogo sana. Kuta zinaleta kilowati 3.8. Jua juu ya paa na madirisha nimelihesabia kilowati 5. Abiria, ambao kwenye baridi walikuwa upande wetu, sasa wamegeuka mzigo, na pamoja na jasho lao nimewahesabia kilowati 9.6. Hewa mpya kwa nyuzi 8 ni kilowati 4. Kisha unakuja unyevu: kila kilo ya hewa ya pwani inaingia na karibu gramu 11 za maji zaidi ya zile tunazozitaka ndani, na kuyageuza maji hayo kutoka mvuke kuwa matone kunadai kilowati 14 peke yake. Jumla inakaribia kilowati 36 au 37 za joto la kuondolewa, karibu sawa na zile 39 za baridi kali ya Ulaya.

Umeme wake hauko sawa hata kidogo. Hita hutengeneza joto, wati kwa wati, wakati kompresa hulihamisha tu, na kwa kila kilowati moja ya umeme inahamisha kama mbili na nusu. Behewa la Tanga lingehitaji karibu kilowati 15 za umeme kwa ubaridi, dhidi ya 39 za hita. Mabehewa kumi ni 150. Kwa maneno mengine, mfumo uliochorwa kwa majira ya baridi ya kaskazini una nafasi ya kutosha kwa kaskazi yetu. Mota ya kompresa, hata hivyo, haina uvumilivu wa hita. Inapoanza inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na haipendi kukatwa na kurudishwa baada ya sekunde tatu, kwa hiyo kila kipande kisicho na umeme kinakuwa jambo la kupangiwa, ili kompresa za mabehewa kumi zisirudi zote kwa wakati mmoja.

Namba iliyowashika vijana zaidi ni ya maji. Kwa hesabu hiyo behewa moja litadondosha lita 20 kwa saa, ndoo nzima. Wawili hawakuamini.

Jumamosi, 1 Machi

Tuliomba ruhusa kwenye duka la kutoa fotokopi lililo mtaa wa pili, lenye kiyoyozi kimoja cha ukutani na mlango unaofunguliwa kila dakika, tukaweka chupa chini ya bomba lake la nje kuanzia saa nne hadi saa sita mchana. Tulipata lita 2.9 kwa saa mbili. Watu waliokuwa ndani tuliwahesabu kila robo saa, na wastani ulikuwa watano na nusu. Ukigawa, kila mtu anaangukiwa na robo lita na kidogo kwa saa, na ndoo ya behewa la watu 80 inampa kila mmoja robo lita kamili. Mwanafunzi mwenye swali la kwanza aliandika namba zote mbili kwenye daftari la mradi, akapigia mstari, kisha akauliza kama tunaweza kurudi siku ya mvua tukapima tena. Tumekubaliana kurudi masika yatakapoanza.